Wifi Kapanda Baiskeli Yangu ya Sebuleni

Jamani, leo nimelipiza na sijutii!

Miezi mitatu wifi yangu ananicheka nikipiga pedali kwenye baiskeli ya mazoezi, hapa sebuleni Mkonze. Kila asubuhi: "Ukifika Mlali, msalimie mama!"
Halafu kanga zake mbichi anaanika kwenye usukani wangu.

Leo kaja na wenzake wa jumuiya, akajitapa: "Hiyo hata mimi naiweza."
Nikamwambia karibu.
Akiwa anajifunga kanga, nikakaza kidude cha uzito mpaka mwisho.

Akapanda. Akasukuma. Pedali wala haitikisiki. Jasho hilo!

Mama mkwe, aliyekuja jana kutoka Mlali, akauliza kutoka kwenye kochi: "Mwanangu, unakwenda wapi? Mimi si niko hapa?"

Hadi naandika, bado anasukuma.
Nimlegezee, au nimwache afike?