Presha ya Mafuta, Barabara ya Iringa

Dada yangu alinipigia simu asubuhi nikiwa kwenye gereji yangu, Ilomba. "Kaka, mama anakuulizia. Ukitaka kumkuta hai, njoo nyumbani leo."

Gari zima pale lilikuwa moja tu, langu mwenyewe, dogo la mbio. Nilikuwa nimelifungia tabo ya kuongezea injini nguvu na pampu kubwa ya mafuta, lakini kidhibiti cha presha ya mafuta nilikiacha kilekile cha zamani. Mteja angefanya hivyo ningemgombeza.

Hadi Makambako lilikwenda vizuri. Mbele ya hapo, kwenye vilima, injini ikaanza kukohoa. Geji ya presha, ambayo ilipaswa kupanda kila tabo inapovuta, ikawa inashuka. Nikaelewa: kidhibiti kimechoka, petroli inarudi tangini badala ya kwenda kwenye injini. Nikikanyaga mafuta yakiwa haba, injini itapata joto kali na pistoni zitaungua. Nikalegeza mguu. Malori ya mbao yakanipita yakipiga honi, nami nalia kwenye usukani.

Simu ikaita. Sikupokea. Ningemwambia nini dada?

Nikasimama pembeni, nikafungua boneti. Mpira unaorudisha mafuta tangini nikaubana kwa plaizi, na plaizi yenyewe nikaikaza kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Ni hatari, najua. Geji ikapanda. Nikakanyaga huku nikiomba kwa sauti.

Kabla ya Mafinga mpira ukapasuka. Harufu ya petroli ikajaa ndani. Nikazima, nikaruka nje, nikakimbilia kwenye majani kusubiri moto. Haukuja. Nikaliacha gari palepale, nikaingia katikati ya barabara nikipunga mikono miwili.

Lori la viazi likafunga breki. "Unataka kufa, wewe?" dereva akafoka.

"Nifikishe Iringa, kaka. Mama yangu anakufa."

Akafungua mlango, hakuuliza tena.

Iringa mjini nikachukua bodaboda hadi nyumbani kwetu, Kalenga. Mama alikuwa hai, ila sauti ilikuwa imekatika.

"Amekuita mpaka saa nane," dada akasema.

Nikamshika mkono, wangu ukinuka petroli. Alifumbua macho, akanitazama kwa muda mrefu. Sijui kama alinijua. Kesho yake mchana akakata roho.

Majirani walikuja na kuni na unga. Kila aliyeingia alinisalimu, "Kamwene." Salamu ya kwetu, niliyofundishwa na mama mwenyewe, na siku ile nilishindwa kuiitikia.