Kinanda Kilichonyamaza

Hizi hasira zangu siku moja zitanifanya nihame Ruiru kwa aibu. Jumamosi kinanda changu kipya kilikataa kutoa sauti. Nikakibeba begani hadi duka la Thika nilikokinunua, nikamfokea mwenye duka mbele ya wateja.

"Mama, mliniuzia takataka! Na mimi ndiye hupigia kwaya kanisani!"

Mama akakichukua. Alikiwasha, akakigeuza, akachomoa adapta ya hedifoni. Ni mimi niliyeichomeka, majirani walipochoka na mazoezi yangu, nikaisahau humo. Ikiwa ndani, kinanda hakisikiki nje.

Wateja wakajisogeza karibu.

"Haya mwalimu," mama akasema, "si utupigie kamoja basi?"

Nikapiga. Kabla sijamaliza ubeti wa kwanza, mama aliirudisha adapta mahali pake.