Kidole Mdomoni

Kila asubuhi mwongoza wageni huingia ua wa kina Odile, mjini Lyon, akitembea kinyumenyume kwa ncha za viatu, kidole mdomoni, mwavuli wa kuwaonyesha wageni njia ukicheza hewani. Njia ya kale ya wafuma hariri hupita katikati ya nyumba za watu. Wageni huachiwa mlango wazi kwa sharti la kunyamaza. Leo Odile alikaa dirishani na ufunguo: kelele moja tu, anafunga asifungue tena. Mara jua likaangukia ngazi za rangi ya waridi. “Mama yangu wee, tazameni!” mwongozaji akapayuka, mwavuli ukamponyoka. Wageni wote wakamgeukia, vidole midomoni: “Shhh!” Odile akaangua kicheko, madirisha ya majirani yakafunguka. “Bibi wee, kwa kelele hizo, na wewe tukufungie mlango?” jirani akamtania. Odile akaurudisha ufunguo msumarini, mbavu zikimuuma.