Mapapai, Mzee na Lifti Iliyogoma

Siku niliyokwama kwenye lifti nilikuwa na mzee wa Kihindi wa ghorofa ya tano, mfamasia mstaafu, aliyekuwa akirudi kutoka hekaluni na mfuko wa mapapai. Ilikuwa saa nane mchana. Jengo letu lipo Kariakoo, chini maduka, juu wapangaji, na lifti yake hupandwa kwa imani. Tulipopita ghorofa ya tatu umeme ukakatika. Giza, joto, na harufu ya mapapai.

Nikabonyeza kengele, haikulia. Nikampigia mlinzi. Akaniambia jenereta halina dizeli na kwamba mwenye nyumba anajua, kana kwamba kujua kwake kungetutoa.

"Mwanangu, si mna grupu la wapangaji?" mzee aliniuliza. "Waandikie."

"Wewe babu haumo?"

"Nilijitoa. Kila alfajiri picha za maua."

Nikaandika kwamba tumekwama, mimi na babu wa ghorofa ya tano, tunaomba msaada. Dakika haikupita, grupu zima likaamka. Emoji za mikono ya kuomba zikamiminika. Mmoja akaandika, "Pole dada, Mungu ni mwema." Mwingine akatuma video ya lifti iliyodondoka nchi za mbali, ili tujifunze. Mwenyekiti wa wapangaji akatutaka tujadili kwa utaratibu, kisha akapendekeza iundwe kamati ndogo. Jirani wa ghorofa ya pili akatangaza feni zake za kuchaji, "zinafaa kwa hali kama hii." Nilivyokuwa natoka jasho, karibu niagize.

Chaji yangu ilikuwa imebaki kidogo, na kila emoji ilikuwa inainywa.

"Wanasemaje sasa?" mzee aliuliza. Alikuwa ameketi sakafuni.

"Wanachagua katibu."

Alicheka mpaka akaanza kukohoa, na kikohozi hakikukata. Akasema dawa yake ya presha iko juu, nyumbani. Hapo niliogopa kweli. Nikaandika kwamba mzee anahema vibaya. Zikaja emoji za kulia.

Kisha ukaingia ujumbe wa sauti wa mtu ambaye hajawahi kuandika chochote kwenye lile grupu, mama mshonaji wa ghorofa ya kwanza.

"Dada, nimempigia fundi wa lifti. Yupo mtaa wa Gerezani. Nimemtumia lokesheni, anakuja na bodaboda. Wewe zima data, utunze chaji. Nikikupigia, pokea."

Nikazima. Kila baada ya muda alipiga, akaongea maneno machache, akakata. Fundi amepita kituo cha mabasi ya mwendokasi. Fundi amezibiwa njia na mikokoteni. Fundi ameshuka, anakimbia kwa miguu. Nami nilimpa mzee kila habari huku nikimpepea kwa kanga, naye akawa anaitikia, "Haya, haya," kila mara kwa sauti ndogo zaidi.

Mlango ulipofunguliwa, sakafu ya ghorofa ya nne ilikuwa usawa wa kifua changu. Fundi akamvuta mzee, mimi nikamsukuma kwa chini. Juu tulimkuta mwenyekiti ameinua simu, anarekodi.

"Mzee, neno moja kwa wanagrupu," alisema.

"Maji," mzee alijibu.

Mama mshonaji alikuwa tayari ameshika kikombe. Mke wa mzee akashuka na dawa. Tulikaa naye kwenye ngazi mpaka pumzi yake ikatulia.

Baadaye mwenyekiti aliandika ujumbe mrefu wa kuushukuru uongozi kwa hatua za haraka. Nikaandika chini yake kwamba aliyeita fundi ni mama mshonaji. Nikapata madole gumba mawili, na tangazo lingine la feni.

Kesho yake nilishuka kwa ngazi kwenda kumshukuru. Alikuwa anashona sare za shule, hakusimamisha cherehani.

"Nilikuwa na namba ya fundi tu," alisema. "Ndiye anayenitengenezea mota hii."

Kisha akanitazama, akaniuliza kama gauni nililovaa halinipwayi mabegani. Lilikuwa linanipwaya. Akanipa kanga nijifunge, nikamwachia gauni.