Fundi Malori, Askofu, na Mpaka wa Barabara ya Mfereji

Thayne Fjeldsted, jirani wa Dada LaRue Draney kwa mkono wa kushoto, anaapa aliona kwa macho yake. Anadai kwamba Jumapili ile, rais wa kigingi, mkuu wa kata kadhaa za kanisa lao, aliposoma mpaka mpya wa kata, yaani usharika, na kuuliza wanaouunga mkono, Dada LaRue aliinua mkono kama watu wote. Kisha rais akauliza kama yuko anayepinga, kwa mazoea tu, maana hayuko kamwe. Dada LaRue akauinua tena.

"Ule ule wa kulia," anasema Thayne. "Hata watoto wakaacha kutafuna biskuti."

Dada LaRue mwenyewe, ambaye ana miaka themanini na moja, anasema alikuwa anaweka nywele zake sawa.

Anayejua ukweli wa mkono ule ni mtu mmoja, na saa kumi na moja alfajiri hii amelala chali chini ya lori la chakula cha bata mzinga, tochi mdomoni. Ni Verdell Okelberry, fundi, mwenye miaka hamsini na miwili. Karakana ina baridi ya kukausha vidole. Mjini Birch Hollow, huku bondeni Utah, bata mzinga ni wengi kuliko watu, na malori yao hayangoji jua.

Kwa ufundi analipwa dola ishirini na saba kwa saa. Kwa uaskofu, yaani kuiongoza kata yake, halipwi hata senti, na kila wiki unamla saa kama ishirini hivi. Wala hakuuomba. Miaka minne na nusu iliyopita rais wa kigingi, ambaye siku za kazi ni daktari wa meno, alimwita akamwambia zamu ni yake. Jumapili iliyofuata watu wakainua mikono, basi, akawa askofu. Aliyemtangulia, mwalimu wa hesabu, siku hizi anashika watoto wachanga chumba cha nyuma wakati mama zao wako darasani.

"Leo uko mimbarini, kesho unakunja viti," anasema Verdell. "Na viti havikuiti Askofu."

Janeal, mkewe, anangoja siku hiyo ya viti. Miaka yote hii ameketi peke yake na watoto watano, mume yuko mbele jukwaani.

"Namwona kama picha ya ukutani," anasema. "Tofauti ni kwamba picha haisinzii."

Hapa mtu hachagui pa kusali. Anuani ndiyo inayomchagulia. Vijana walipohama mji, kata tatu zikafanywa mbili, na mpaka ukapitishwa katikati ya Barabara ya Mfereji. Nyumba ya Dada LaRue ikaangukia magharibi. Jengo ni lile lile, ila sasa kata yake inaingia saa tano, na ina wapiga kinanda watatu. Kata ya Verdell inaingia saa tatu na haina hata mmoja. Inaimba kwa kufuata simu iliyoegemezwa kwenye kipaza sauti.

Dada LaRue alipiga kinanda katika kata hiyo miaka arobaini na sita. Siku mpaka huo ulipohama, wito wake wa kupiga kinanda ulikwisha papo hapo.

Wiki mbili baadaye mashine ya kupasha joto ilizimika nyumbani kwake. Verdell akashuka chumba cha chini ya nyumba na spana zake. Bibi akaketi kwenye ngazi, amepakata bakuli la viazi vya jibini.

"Mara ya kwanza niliinua mkono kwa ajili ya Bwana," akamwambia. "Mara ya pili ilikuwa mimi."

"Dada LaRue, mashine haina neno. Umeizima mwenyewe."

"Ungekuja bila hivyo? Nilikufundisha kuimba ukiwa na miaka mitatu, Askofu, kamasi mpaka kidevuni. Niandikie ile barua, nirudi kwenye kata yangu."

Barua yenyewe ni ombi la mtu kubaki kata isiyo ya anuani yake. Askofu anatia sahihi, rais wa kigingi anatia yake, ndipo inapanda hadi Salt Lake, makao makuu ya kanisa, kuamuliwa. Bila sahihi ya kwanza haiendi popote.

Verdell ameiandika, ila hajaitia sahihi. Imekaa mbele ya usukani wa gari lake siku tisa, imeanza kupata alama ya kikombe. Anajua familia saba nyingine za ng'ambo ya barabara zinamtazama. Thayne, naye yuko ng'ambo hiyo hiyo, ameshatania kwamba akiruhusiwa mmoja, yeye atang'oa sanduku lake la barua alivushe barabara.

"Na mpaka huo niliuinulia mkono mimi pia," anasema Verdell. "Mara moja tu."

Anatarajia kupumzishwa uaskofu kabla ya kiangazi. Anataka kuketi kando ya Janeal, aimbe sauti ya chini, na anataka iwe kwa kinanda. Hilo halisemi mbele ya rais wa kigingi.

Jumamosi hii hii, kukianza kupambazuka, simu inaita akiwa bado chini ya lori. Anajitoa, anafuta mikono kwenye suruali, anaipokea kando ya gari lake mlangoni.

"Askofu, sikusumbui," anasema Dada LaRue. Ana viatu vyake vya kukanyagia pedali za kinanda, vyeusi, soli nyembamba kama ganda la kitunguu, ambavyo havijawahi kukanyaga barabara. Huvivalia palepale kitini. "Nimevitoa, nimevipaka rangi. Niambie tu neno moja. Kesho nije navyo saa tatu, au nivirudishe kabatini?"

Verdell anaiangalia barua kupitia kioo cha gari. Kalamu iko mfukoni.

Anaufungua mlango wa gari, anaitoa kalamu.