Gitaa la Ngatia katika Chapa ya Pili

Jumamosi moja ya baridi, mwanangu, nilishuka kwenye gari pale Naro Moru nikiwa na santuri mpya ndani ya koti, nimeikumbatia kifuani kama mtu aliyebeba kifaranga. Mlima ulikuwa umejitokeza wote, mweupe juu, na mimi nilijiona mrefu karibu kuufikia. Ilikuwa santuri ya wimbo wetu, chapa ya pili, na nilikuwa nampelekea rafiki yangu Ngatia ausikie kabla ya watu wengine. Nimeishi miaka mingi tangu siku ile, lakini bado nikiikumbuka huona haya.

Ngoja nikueleze tulikotoka, maana mambo haya hayaeleweki yakianzia katikati.

Miaka michache baada ya uhuru, tulikuwa vijana wanne pale Nyeri tuliopenda muziki wa roki. Wazazi wetu waliuona ni kelele tu. Mimi nilikuwa karani katika chama cha wakulima wa kahawa, na ndimi niliyeimba. Mmoja alipiga ngoma, mwingine besi. Gitaa la kuongoza lilikuwa la Ngatia. Yeye alilima viazi na mama yake huko Naro Moru, na wageni wa kupanda mlima walipokuja, aliwabebea mizigo. Gitaa lile alilinunua kwa mgongo wake, mzigo baada ya mzigo, misimu miwili mizima. Kwetu husemwa kwamba kikundi kidogo hubeba kinu kikubwa, na kweli tulikibeba. Kila Jumapili alasiri tulijaza ukumbi.

Wimbo wetu uliopendwa kuliko zote ulikuwa wa baridi ya mwezi wa saba, ile inayochoma majani ya viazi. Ulianza na gitaa peke yake, kisha mimi naingia. Katikati ninanyamaza, na Ngatia anapiga peke yake kwa muda. Hapo ndipo watu walipoacha kucheza, wakasimama kumtazama. Mimi nilisimama kando na kipaza sauti mkononi, nikitabasamu. Wivu, mwanangu, haupigi hodi. Siku unapouona, ushakaa kitini na kuvua viatu.

Tukaenda Nairobi, tukarekodi. Santuri zilizotoka hazikuwa nyingi, na zilizokuwapo zilipigwa mpaka zikakwaruzika.

Mwaka wa pili baada ya hapo, Ngatia alinaswa na dhoruba kule juu mlimani. Glovu zake zililowa, na alishinda kutwa nzima akimsaidia mgeni aliyeteguka mguu. Mgeni alishuka mzima. Ngatia alishuka na vidole vilivyokufa kwa baridi, na hospitalini wakamkata vitatu vya mkono wa kushoto, ule wa kubana nyuzi. Gitaa akampa mwalimu mmoja wa shule. Bendi ikaisha hivyo, bila hata mkutano wa kuivunja.

Nilimtembelea mara moja, nikamtembelea ya pili. Baadaye nikawa mtu wa shughuli nyingi. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na mimi dhiki ilipomfika mwenzangu nilijificha nyuma ya daftari za kahawa.

Miaka ikapita. Siku moja yule mwenye kampuni ya santuri akaniita Nairobi. Alitaka kuutoa wimbo wetu tena, kwa chapa mpya. Tepu ya mwanzo alikuwa ameitunza, na ilikuwa imeshika kila chombo peke yake, hivyo fundi aliweza kukipandisha hiki na kukishusha kile. Akasema wimbo ni mzuri, ila gitaa linapiga kelele mno, na siku hizi watu wanataka sauti ya mwimbaji. Wangelishusha gitaa, na pale katikati wangeweka kinanda. Kisha akaniuliza mimi, kwa kuwa ndimi mwenye wimbo, naonaje.

Fundi akanipigia kipande kidogo. Nilisikia sauti yangu imejaa chumba chote, haina mtu wa kushindana naye. Nikasema sawa. Hakuna aliyenilazimisha, na wala sikuomba siku moja ya kufikiri. Jibu lile lilichukua muda mfupi kuliko kupenga kamasi.

Basi, ndiyo santuri niliyokuwa nayo kifuani Jumamosi ile.

Mama yake Ngatia alinipokea kwa furaha. Nilimwita Maitu, kama nilivyomwita aliyenizaa. Akaweka chai jikoni na kumwita mwanawe kutoka shambani. Ngatia akaja na gambuti zake zenye matope, akanawa, akaipokea santuri kwa viganja vyote viwili, akiishika pembeni tu, jinsi mtu anayezijua santuri anavyozishika. Aliisoma lebo kwa muda mrefu. Walikuwa na gramafoni ya betri kwenye meza karibu na dirisha. Mimi nilikuwa na haraka ya kusikiza ile mpya, lakini Maitu akataka tuanze na ya zamani, ndipo tujue kama mpya ni bora.

Ya zamani ilikuwa na mikwaruzo kama bisi kwenye sufuria. Besi ilisikika kama mtu anagonga ukuta wa nyumba ya pili. Halafu ikafika zamu ya gitaa pale katikati. Mwanangu, nilikuwa nimesahau. Lilikuwa na ukali wa maji ya mto asubuhi. Nilimtazama Ngatia, nikaona mkono wake wa kushoto juu ya goti, na vile vipande vya vidole vilivyobaki vinatembea, vinafuata. Sidhani alijua. Nikageuza uso dirishani.

Kisha tukaweka mpya.

Wewe uliniuliza juzi ipi ni bora, na nakujibu hapa: fundi wa sauti akizisikiliza zote mbili atachagua chapa ya pili. Haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Ngoma ilisimama mahali pake, na besi ilikuwa kana kwamba mpigaji amekaa nasi mle chumbani. Sauti yangu iliingia moja kwa moja, pana, laini. Na gitaa? Gitaa lilikuwa mbali, kama redio ya jirani ng'ambo ya bonde. Palipokuwa pake katikati palipita kinanda, kitamu kitamu, kama sukari iliyozidi.

Wimbo ukaisha. Maitu akaondoa sindano yeye mwenyewe.

"Huyu ni Wachira," akasema. "Namsikia vizuri. Ngatia ako wapi?"

Nikatazama sakafu. Ngatia ndiye aliyejibu, kwa utulivu, bila kunitazama. Akamweleza mama yake kwamba tepu huzeeka kama vitu vingine, na pengine ile sehemu ya gitaa ilikuwa imeharibika, wakakosa la kufanya. Halafu akanigeukia.

"Si ndio, Wachira?"

Alikuwa amenifungulia mlango, nami nikapita. Nikasema ndiyo, tepu ilikuwa imeharibika. Nikaongeza hata maneno juu ya joto na unyevu wa stoo za Nairobi, mambo nisiyoyajua. Tukanywa chai. Sikumbuki ladha yake.

Wakati wa kuondoka, Maitu alinisindikiza mpaka barabarani. Alitembea polepole, shuka amejifunga mabegani, mpaka tukaiona lami. Ndipo akaniambia maneno ambayo sijayasahau.

"Mimi sijui mambo ya santuri, Wachira. Lakini nimekaa sokoni miaka mingi, na namjua mtu anayesema huku akitazama chini. Mlima ulichukua vidole vya mtoto wangu. Siulaumu, mlima hauna macho. Wewe uko na macho."

Nikaanza kujitetea. Akainua mkono, si kwa ukali.

"Usirudi kwangu na zawadi. Rudi na neno."

Kisha akageuka, akarudi kwake. Hakunitukana, na hakumwita jirani amwambie. Laiti angenitukana ningepata la kumkasirikia.

Nilirudi Nyeri na maneno yale tumboni. Wimbo ukawa unapigwa redioni kila siku, na watu wakanishika mkono barabarani wakinipongeza. Kila pongezi ilinichoma. Nilisafiri hadi Nairobi nikamwomba yule mwenye kampuni arudishe gitaa la Ngatia. Akanijibu kwa adabu kwamba santuri zimekwisha chapwa na kusambazwa, na kwamba akitoa chapa nyingine siku za usoni ataniita. Hakuniita kamwe. Kuna makosa ambayo hata ukitubu hayafutiki mahali yalipoandikwa, mwanangu. Hilo nalo ulijue mapema.

Nilikaa miezi miwili nikijiambia kwamba nitakwenda wiki ijayo. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mwishowe nilipokwenda Naro Moru nilikuta Ngatia ameshuka Mwea kumsaidia mjomba wake wakati wa mpunga kukomaa. Sikurudi nyumbani. Nilijua nikirudi sitatoka tena. Nikapanda gari la Karatina, nikashika lingine la Mwea, nikauliza njia mpaka nikamkuta.

Alikuwa ameketi kwenye tuta kati ya mashamba, ameshika kamba iliyofungwa mikebe mitupu ng'ambo hadi ng'ambo. Ndege wakitua juu ya mpunga, anaivuta kamba, mikebe inalia, wanaruka. Nilivua viatu nikapita kwenye tuta lile jembamba, nikaketi kando yake. Hakushangaa kuniona.

"Ngatia," nikasema, "tepu haikuharibika. Waliniuliza kama washushe gitaa lako, nikakubali. Nilikuwa na wivu. Tangu siku zile za ukumbini nilikuwa na wivu."

Akavuta kamba. Ndege wakapaa, wakazunguka, wakatua mbali.

"Nilikuwa najua," akasema. "Nilisikia wimbo kwa redio, hoteli ya hapa Mwea nilipokuja kwa mjomba, kabla hujaleta ile santuri. Nikaacha chai yangu mezani nikatoka."

Nikamuuliza kwa nini basi alinitetea mbele ya mama yake.

"Sikukutetea wewe. Mama anakupenda kama mtoto wake, na mimi nilikuwa nimepoteza vitu vya kutosha. Sikutaka yeye naye apoteze." Akaivuta tena ile kamba. "Niko na hasira na wewe, Wachira. Hata sasa. Lakini umekuja."

Tulikaa hivyo, yeye na kamba yake, mimi na miguu yangu yenye tope. Nilidhani ataniambia niende. Badala yake aliniuliza kama ninaijua ile sehemu yake ya gitaa. Nikasema naijua, ningekosaje kuijua. Akaniambia niimbe kwa mdomo. Nikaanza, na sikufika mbali nikakosea. Akanisahihisha. Nikakosea tena mahali pale pale. Ndipo akasema kwamba nitatafuta gitaa, nijifunze sehemu ile yote bila kuacha hata nukta moja, halafu nimpigie mama yake. Hakutaka kitu kingine.

Mwanangu, kazi ile ilinichukua zaidi ya mwaka. Nilikuwa na vidole kumi na vyote vilikuwa vizito. Kila mwezi nilikwenda kwa Ngatia naye akanisahihisha kwa mdomo, akiketi mbele yangu amefumba macho. Na huko ndiko nilikokutana na aibu iliyo kubwa kuliko ya kwanza. Nilipokuwa nikiimba, kulikuwa na mahali pumzi ilikuwa ikiniishia mwisho wa ubeti, sauti inashuka kama mtu aliyekanyaga shimo. Pale pale gitaa la Ngatia lilipanda, likashika noti yangu na kuimaliza. Nilidhani siku zote anajionyesha. Kumbe alikuwa ananifunika. Ukiisikiliza chapa ya pili kwa makini utaisikia sauti yangu ikitetemeka na kuanguka, maana aliyekuwa akiibeba nilimwondoa mwenyewe.

Siku nilipompigia Maitu, ilikuwa saa za mchana, naye alikuwa akimenya viazi. Hakuacha kumenya. Nilipiga mwanzo hadi mwisho, nikakosea mara mbili, nikaendelea. Kisha nikamwambia neno alilonituma nilete, nikalisema lote, na safari hii nilimtazama yeye. Aliosha mikono, akajipangusa kwa aproni, akapakua irio kwenye sahani.

"Keti," akasema. "Kula."

Mimi na Ngatia tumezeeka pamoja. Hasira yake ilimtoka taratibu, kama theluji inavyoondoka mlimani, leo kidogo na kesho kidogo, na kuna siku ilirudi. Sikuidai iishe. Mkosaji hapangi siku ya kusamehewa.

Basi nisikilize vizuri, maana wewe nawe unafanya kazi na wenzako, na itakuja siku mkubwa fulani akuite peke yako, akuulize kama jina la mwenzio linaweza kupunguzwa kidogo ili lako lionekane. Atauliza kwa upole, na haitafanana na dhambi. Siku hiyo jibu kana kwamba mwenzio ameketi kando yako. Kama huna hakika, omba siku moja ya kufikiri. Na ukishakosea, usingoje aliyeumia akufunikie kosa lako. Akikufungulia mlango wa uongo kwa huruma yake, usiingie. Nenda kwake ukiwa na neno la kweli, hata kama njia ni ya tope na miguu yako haitaki. Yule unayedhani anakuzibia jua, chunguza kwanza. Huenda ndiye anayekukinga mvua.

Sina mali nyingi ya kukuachia, lakini baraka ninayo. Mungu akupe wenzako wa kweli na akupe masikio ya kuwatambua. Mikono yako ipate kazi, na kazi yako ipate heshima. Mvua ikufikie kwa wakati wake. Na popote watu watakapokutaja usipokuwapo, wakutaje kwa wema. Nenda na amani, mwanangu.