Dakika za Redioni na Maziwa ya Mamdogo

Mtafiti alijua ameharibu pale mtangazaji aliposema, "Daktari, muda umetutupa mkono, asante sana," naye bado alikuwa anaeleza mipaka ya utafiti wake.

Alikuwa amezungumza redioni kama anavyozungumza kwenye makongamano: kwanza mbinu, kisha matokeo, kisha mipaka, mwisho mapendekezo. Matokeo yalikuwa kwamba maziwa mabichi mengi ya sokoni yana vijidudu vya kuharisha. Pendekezo lilikuwa fupi: yachemshe, kisha unywe bila wasiwasi. Hakulifikia.

Kilichomuumiza zaidi ni kwamba mtangazaji alikuwa amempigia simu mapema, kabla ya kipindi. "Nipe sentensi moja tu, daktari. Msikilizaji afanye nini?"

"Utafiti mzima hauingii kwenye sentensi moja," alijibu, akakata simu akiwa ameridhika na nafsi yake.

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwenye kibanda cha mamdogo wake, mdogo wa mama yake, aliyemlea na kumsomesha kwa kuuza maziwa. Madumu yalikuwa bado yamejaa hadi shingoni, mteja hata mmoja hakuna.

"Karibu, bingwa wa vijidudu," mamdogo alisema bila kuinua uso. "Umekuja kupima au kununua?"

"Nisamehe, mamdogo. Sikumaliza kusema."

"Hukumaliza? Mbona mimi umenimaliza kabisa!"

Muuza mkaa wa jirani aliangua kicheko, akaona uso wa mtafiti, akajifanya anakohoa.

Kutoka pale mtafiti alikwenda moja kwa moja kituo cha redio, akasimama kwenye korido mpaka mtangazaji alipotoka studio.

"Nirudishe hewani. Tafadhali."

Mtangazaji hakumsuta. "Nitakurudisha. Ila unaanza na kile unachotaka mtu aliyeko jikoni akifanye sasa hivi. Mbinu zako tutazigusa muda ukibaki."

Mchana huo alisema kabla hata ya salamu: "Chemsheni maziwa mpaka yafure, kisha mnywe. Hata mimi nyumbani nakunywa haya haya ya sokoni."

Muda ulibaki. Mbinu zikaguswa.

Wateja wa kikombe kimoja kimoja walianza kurejea kwa mamdogo. Mwenye mgahawa, aliyezoea kuchukua dumu zima kila siku, hakuonekana. Mtafiti akamfuata, akamkuta anafuta kaunta.

"Nilikusikia kwa masikio yangu, daktari."

"Ulisikia nusu."

"Nusu ndiyo uliyonipa. Nikaogopa, nikakubaliana na watu wa maziwa ya pakiti. Sasa niwageuke? Nitaonekana mtu gani?"

Mtu huyu alikuwa amefanya kile ambacho msikilizaji yeyote mwenye akili angefanya kwa taarifa aliyopewa.

Alirudi kibandani akamweleza mamdogo neno kwa neno, bila kujitetea. Mamdogo alisikiliza huku akisuuza kikombe cha kupimia, akakisuuza tena ingawa kilishakuwa safi.

"Basi maziwa ya dumu lake tutayagandisha yawe mtindi," alisema hatimaye. "Yakiganda, atanunua mwingine. Shika hapa."

Mtafiti alikunja mikono ya shati, akainua dumu, wakamimina pamoja kwenye sufuria. Alitamani mamdogo amseme, amgombeze mbele ya muuza mkaa na kila mpita njia.

Mamdogo alimuuliza tu kama amekula.